Kemuma na Bahari ya Mkwewe

Ukitaka kujua habari za Mkadini, kile kituo cha mapumziko na mikutano ambacho kanisa lilijenga ufukweni kaskazini mwa Mombasa, hukuwa na haja ya kufunga safari mpaka huko. Ulikwenda Nyakoe tu, ukaulizia kwa Mama Orpah, yaani Kemuma, mjane mwenye migomba iliyoinamia barabara. Angekukalisha kwenye kigoda, akakupa ndizi mbivu, akakueleza ni bati la upande gani linalovuja, kisima kilichimbwa mara ngapi kabla ya kutoa maji ya kunyweka, na ni mnazi upi uliomwangushia nazi mgeni mmoja kutoka Nairobi. Angekueleza hata godoro lipi kwenye bweni la wanawake lina shimo katikati. Lakini ukimwuliza alikwenda lini mara ya mwisho, angekumbuka ghafla kwamba kuna chungu jikoni.

Kemuma hakuwahi kufika Mkadini. Aliijenga akiwa Nyakoe, kwa ndizi na kwa maombi, na hakuwa ameitia machoni. Jambo hilo lilimuuma sana. Majirani walijua kwamba linamuuma, na kwa kuwa walimpenda, walimtania bila huruma.

Mambo yalianza muda mfupi baada ya Uhuru. Machogu, mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamsha kilima kizima, alirudi kutoka mkutano wa Mombasa akiwa amebabuka pua. Sabato ile akasimama mbele ya waumini, akatangaza kwamba kanisa limepata shamba kando ya bahari. Kila upande wa nchi ungejenga nyumba yake pale, ili watu wawe wanakwenda kukutana, kuomba na kupumzika.

"Kupumzika kutokana na nini?" akauliza mama mmoja kutoka nyuma.

"Kutokana na kazi."

"Na ng'ombe yangu itakamuliwa na nani wakati mimi napumzika?"

Watu wale walikuwa wakichuma pareto mpaka vidole vinakuwa vya manjano, na mapumziko waliyoyajua yalikuwa ya Jumamosi, ambayo Mungu mwenyewe aliyapanga. Kukaa kwenye basi, kisha kwenye gari moshi, mpaka mgongo uume, ili ukifika upumzike, lilionekana wazo la mtu asiye na shamba.

Kemuma ndiye aliyesimama. Wakati huo alikuwa bado na nguvu zake, mwanamke mfupi, mpana, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mdomo usiochelewa.

"Mzee Machogu, hayo maji unasema makubwa. Ng'ambo yake kuna nini?"

"Ng'ambo haionekani, Mama Orpah."

"Haionekani kabisa?"

"Kabisa. Ni maji mpaka yanakutana na mbingu."

Kemuma akakaa chini polepole. Maisha yake yote, popote alipotazama aliona kilima, na nyuma ya kilima kilima kingine, na kwenye kila kilima mtu anayemfahamu na anayeona anachofanya. Kuanzia siku ile bahari ilimwingia moyoni ikakataa kutoka. Na hakutaka kuitazama tu. Alitaka kuingia ndani yake.

Basi akawakusanya akina mama. Mikungu ya ndizi ilipanda vichwani mwao ikashuka mjini Kisii, wiki baada ya wiki, na kilichopatikana kikaingia kwenye mfuko wa nyumba ya baharini. Mtu aliyeleta udhuru alitembelewa na Kemuma nyumbani, na baada ya kutembelewa alileta ndizi. Fundi naye alikuwa karibu. Orpah, binti yake pekee, alikuwa ameolewa juzijuzi na Angwenyi, seremala kijana wa upande wa Ogembo, mpole, mwenye mabega ya kubeba boriti peke yake. Angwenyi akatumwa pwani na misumari, mzigo wa mbao na mchoro wa nyumba.

Mchoro wenyewe waliuchora wazee wa kanisa kwa fimbo, chini kwenye vumbi, kabla haujanakiliwa kwenye karatasi. Walimuuliza Machogu hali ya hewa ya huko ikoje. Akasema kuna upepo unatoka majini usiku na mchana. Wazee wakatazamana. Kila Mkisii anajua penye upepo pana baridi, na baridi inayotoka majini ndiyo mbaya zaidi. Kwa hiyo wakaamuru kuta nene za mawe, madirisha madogo ya kutosha kupitisha kichwa cha mtoto, na mahali pa moto katikati ya nyumba. Angwenyi alipofika Mkadini akalowa jasho akiwa bado anashusha mizigo. Lakini alikuwa kijana, na maagizo yalikuwa ya wazee, na mmoja wa wazee hao alikuwa mjomba wa mama mkwe wake. Akajenga kama alivyoambiwa.

Kundi la kwanza kutoka Kisii na Nyamira lilifika na mablanketi mazito. Usiku ule walitoka mmoja mmoja, kila mtu akijifanya anakwenda kutazama nyota, na kulipokucha wote walikuwa wamelala mchangani. Watu wa pande nyingine, ambao nyumba zao zilikuwa baraza tupu na makuti, walicheka mpaka wakashikana.

Orpah, aliyekuwa amemfuata mumewe, ndiye aliyeokoa jina la ukoo. Alikoka moto katikati ya ile nyumba, akafunga mlango, akaingiza unga uliokandwa kwenye makopo. Nyumba ililishika joto mpaka jioni. Ulitoka mkate ambao Mkadini haukuwa umewahi kuonekana, na tangu siku hiyo ile nyumba ikawa tanuri la kituo kizima, na watu wa makabila yote wakawa wanaulizana asubuhi, "Mkate umeshatoka Kisii?" Kemuma aliposimulia kisa hiki alikisimulia kwa namna yake. Kwake yeye wazee wa Nyakoe walikusudia tanuri tangu mwanzo, na anayesema vinginevyo ana wivu.

Nyumba ya pili ilijengwa, ya makuti na baraza, na uongozi wa kituo ukamwomba Angwenyi abaki awe mtunzaji. Akakubali. Waumini wa Nyakoe wakapiga makofi. Kemuma naye akapiga makofi, kisha mikono ikamganda hewani, kwa sababu alielewa kabla ya wengine jambo hilo limemfanya nini.

Mtu na mama mkwe wake, kama vile baba na mke wa mwanawe, huko kwetu, wametenganishwa na chinsoni, ile haya ya heshima ambayo haina utani. Hawashikani mikono. Hawali sahani moja wala hawalali chini ya paa moja. Kuonana bila nguo kamili ni balaa ya kuwaingiza wazee kikaoni. Wakikutana njiani, mmoja anapata ghafla shughuli vichakani. Wengine walilichukulia jambo hili kwa kadiri. Kemuma alilichukulia kama alivyolichukulia kila kitu, kwa nguvu zote. Siku moja, kabla Angwenyi hajaenda pwani, alimwona akija katikati ya soko la Nyakoe, na kwa kuwa hapakuwa na kichaka akajificha nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe akaondoka. Kemuma akaondoka naye, hatua kwa hatua, ameinama, kikapu cha mboga kichwani, mpaka mwenye ng'ombe akamuuliza kama anataka kumnunua.

Hata hivyo angeweza kufika Mkadini, akalala bweni la wanawake, akamkwepa mkwewe kwa kupita nyuma ya minazi. Ubaya uliletwa na shemasi mmoja wa Nyamira, mtu mzito aliyeamini kwamba kuogelea ni kutembea tu ndani ya maji. Alitembea mpaka kofia yake peke yake ikabaki inaelea. Angwenyi, aliyekuwa amefundishwa kuogelea na vijana wa kijiji cha jirani, alimfuata akamvuta kwa kanda za suruali mpaka nchi kavu. Uongozi ukakaa, ukatoa amri: hakuna mgeni kutia mguu baharini mpaka Angwenyi awe amesimama ndani ya maji, kifua wazi na kaptura yake, akiwatazama.

Akiwatazama! Kemuma aliposikia neno hilo aliweka jembe chini.

Miaka ikapita hivyo. Kila Agosti basi liliondoka limejaa watu na mikungu ya ndizi za Kemuma, na yeye akabaki barabarani akipunga mkono. Walirudi weusi zaidi, wanacheka ovyo, na mchanga masikioni. Nyanchera, jirani yake na rafiki yake wa tangu utoto, alimsimulia kila kitu jioni moja moja wakipepeta wimbi, na hivyo ndivyo Kemuma alivyoyajua mabati na minazi. Mwaka mmoja Nyanchera alimletea maji ya bahari kwenye chupa.

Kemuma akaonja. Akatema.

"Chumvi," akasema.

"Si nilikwambia?"

"Hata mimi naweza kutia chumvi kwenye chupa, Nyanchera."

Lakini chupa ile aliiweka juu ya kabati, na Nyanchera aliiona pale kila alipokuja, na hakumtania kwa hilo.

Halafu mwaka wa 1974 magoti yakaanza. Kemuma alikuwa anashuka mtoni akalazimika kukaa kwenye jiwe katikati ya njia, na akiwa amekaa pale alihesabu mambo yake akaona wazi kwamba ule mlima wa kurudi nyumbani utamshinda siku moja, na safari ya bahari itakuwa imemshinda kabla ya hapo. Akaogopa. Hakuogopa kufa, alikuwa mtu wa imani. Aliogopa kufa mkavu.

Sabato iliyofuata akasimama kanisani wakati wa matangazo.

"Mwaka huu naenda Mkadini," akasema. "Na nitaingia kwenye maji. Mnitafutie njia."

Kanisa zima likageuka kamati. Mmoja akasema Angwenyi apewe likizo wiki hiyo. Haikuwezekana, kwa sababu bila Angwenyi bahari inafungwa. Mwingine akasema Kemuma afungwe kitambaa machoni. Nyanchera akauliza ni mama gani atasafiri siku mbili akaone kitambaa. Mzee Machogu mwenyewe, aliyekuwa ameanza kuota mvi, akainuka akasema kwa sauti ya upole kwamba, ndugu zangu, haya mambo ya chinsoni ni ya zamani, na ndani ya Kristo sisi sote ni watoto wa baba mmoja.

"Kweli, mzee," Kemuma akajibu. "Basi wewe mwezi wa nane utaoga pamoja na mke wa mwanao Nyangate. Mimi nitawashikia taulo."

Mke wa Nyangate, aliyekuwa benchi la tatu, akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Machogu akakohoa, akaomba wafunge kwa sala.

Basi Agosti ikafika, Kemuma akaondoka bila suluhisho. Alikaa kwenye basi ameshika mkungu mmoja magotini, akakataa kuuweka juu ya paa. Walipofika Mkadini jua lilikuwa kali na minazi ilikuwa pale pale alipoijua. Aliwaonyesha wenzake choo kiko wapi. Alilitafuta lile godoro lenye shimo akalala juu yake kwa makusudi. Lakini ufukweni hakushuka. Alikaa barazani ameipa bahari mgongo, kwa sababu chini kule, katikati ya maji, palisimama mkwewe kifua wazi.

Angwenyi naye alikuwa na shida zake. Tangu basi lifike alikuwa akila ndani ya tanuri, amejificha kwenye joto lile, jasho likimtiririka. Orpah ndiye aliyekuwa akikimbia kati yao, mtu mzima sasa, mnene, mwenye unga mpaka kwenye nyusi, na uvumilivu wake ulikuwa unaisha.

"Mama, baba watoto anasalimia. Anauliza magoti yako."

"Mwambie mwenye nyumba magoti hayajambo."

Orpah alikwenda, akarudi.

"Anasema anajua unataka kuingia. Anasema hajalala."

"Mwambie alale. Mimi nitaangalia wenzangu wakiogelea, nitarudi nyumbani." Akajifanya anakunja leso.

Orpah alikwenda tena, na safari hii alichelewa. Aliporudi alikuwa anauma midomo asicheke.

"Anasema kesho asubuhi atasimama baharini amevaa suti."

"Suti gani?"

"Ya harusi. Na tai. Atakupa mgongo. Atashika kamba, na wewe utajifunga upande wa pili kiunoni. Ukiyumba atasikia kwenye kamba. Hatatazama, mama. Amesema ameapa."

Kemuma alitafuta kasoro katika mpango ule asiipate, na hakuzoea hali hiyo.

"Na kofia," akasema mwishowe. "Mwambie avae na kofia."

Asubuhi yake Kisii nzima ilishuka ufukweni. Angwenyi alikuwa ameshasimama majini, yamemfika kiunoni, koti jeusi limembana mabegani maana alikuwa amenenepa tangu harusi, tai imefungwa mpaka kooni, kofia ya Sabato kichwani. Viatu pekee ndivyo vilivyobaki mchangani. Uso wake ulitazama mbali, kwenye maji, na kamba ilipita juu ya bega lake ikaja mpaka nchi kavu. Wageni wa pande nyingine walisogea kutazama kama kuna ubatizo au msiba.

Kemuma alivaa gauni lake la mikutano na juu yake leso mbili. Orpah akamfunga kamba. Ndipo Nyanchera alipogundua jambo ambalo hakuna mtu alikuwa amelifikiria.

"Na sisi je?" akanong'ona. "Mama Orpah akiloa, hawa wanaume wote wanamtazama. Kuna shemeji zake hapa. Kuna Mzee Machogu."

Mnong'ono ule ulifika mbali. Kisha Machogu akavua kofia, akageuka, akaipa bahari mgongo. Mashemasi wakageuka. Akina mama wakageuka, wengine wakiwashika wageni mabegani na kuwageuza kwa upole. Ufukwe mzima ukasimama umetazama minazi na jengo la mikutano. Na kwa kuwa watu wengi hawawezi kusimama kimya hivyo bila kuona haya, Machogu akaanzisha wimbo wa ibada, wakamfuata.

Kemuma akaingia peke yake. Maji yalimshika vifundo, yakamvuta, yakarudi. Akapiga ukelele mdogo. Akaendelea. Yalimfika kwenye magoti, na magoti yakatulia kana kwamba yameambiwa neno. Leso zikapanda juu zikamzunguka. Mbele yake aliona mgongo wa koti jeusi, na baada ya koti hakuna kilima, hakuna jirani, hakuna kitu. Akaanza kulia, na hakujua kama ni furaha, na hakuwa na mtu wa kumficha.

Wimbi lilikuja akiwa anajifuta macho. Halikuwa kubwa, lakini lilimkuta hayuko tayari, likamng'oa miguu. Angwenyi alisikia kamba ikikaza, kisha ikalegea kabisa. Alikuwa ameapa. Alisimama kwa muda wa pumzi moja ameshika kamba isiyo na uzito, kisha akageuka.

Alimwona kitambaa kimetoka, nywele nyeupe zote nje, mkono mmoja juu. Akamfikia kwa hatua mbili, suti na tai, akamwingiza mikono kwapani akamsimamisha kama mtoto. Kofia ilikwenda na maji. Kemuma alikohoa, akatema chumvi, akavuta pumzi, akafumbua macho, na uso wa mkwewe ulikuwa pale, karibu, umelowa, umejaa hofu. Hakuwa amewahi kuutazama hata mara moja. Ulikuwa uso mzuri.

"Samahani, mama," Angwenyi akasema, akayafumba macho yake haraka. "Samahani. Umesimama? Nakuachia sasa."

Wimbi lingine lilikuwa linakuja. Kemuma alilitazama. Akatazama ufukweni, akaona migongo tu, mirefu na mifupi, hakuna hata mmoja uliogeuka. Kisha akaushika mkono wa koti lile kwa vidole vyake vyote.

"Angwenyi," akasema, "usiniachie. Twende mbele kidogo."

Nyuma yao watu walisikia maji yakipiga, kisha wakasikia mwanamke mzee akicheka, na mwanamume akicheka naye. Wimbo ulikuwa umefika ubeti wa mwisho. Wakauanza upya.